Watu Wasioitikia

Shule niliiona kwa muda mfupi. Nikiwa darasa la pili baba alinitoa, akampeleka ndugu yangu badala yangu, mimi nikarudi kwenye ndama. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Ndugu yangu alisoma akaajiriwa. Mimi sikusoma na nimeajiri. Kiswahili nilikipata Karatu, kwenye duka la Mwislamu mmoja aliyenipa kazi ya kushusha magunia ya sukari, na ambaye alinisahihisha kila nilipokosea mpaka nikaacha kukosea. Kambi yangu ya wageni hapa Engaresero niliianza na choo kimoja na kivuli cha migunga. Leo ina mabanda, mahema na bafu, na watu wanaopanda Mlima wa Mungu wanalala kwangu kabla ya kupanda.

Kitu kimoja tu sikuwa nacho. Mdomo.

Mdomo ulikuwa wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye mke na watoto. Kwetu Wamaasai mjomba na mpwa wanaitana apu, neno moja kwa wote wawili. Yeye kasoma, Kiingereza anacho. Wageni wakifika mimi nasimulia, yeye anageuza. Nitaeleza mwaka ule mlima ulipotema majivu, ilivyobidi tuhame na mifugo. Yeye ataweka mikono mfukoni, atasema maneno machache, wageni watatikisa vichwa, basi.

"Apu, umewaambia yote?"

"Yote."

"Mimi nimetembea na ng'ombe kutoka hapa mpaka Sale, wewe umefika kwa pumzi moja?"

"Kiingereza kina njia za mkato, apu."

Nilivumilia. Halafu akapata kazi Karatu, kwenye hoteli moja kubwa, aanze masika yakiisha. Sikumzuia, mtu akipata malisho bora anahama. Lakini wapo watu wa mjini waliokuwa wananizunguka siku nyingi wakitaka kuniletea meneja wao, kijana wa Kiingereza kizuri, azungumze na wageni kwa niaba yangu. Karatu nimeona mambo hayo. Anakuja mtu anakusaidia kusema, kesho anakusaidia kuamua, keshokutwa wewe ndiye unayempigia hodi. Mwenye mdomo ndiye mwenye kambi. Kwa hiyo ilikuwa hivi: mpaka masika yaishe, ama niwe na mdomo wangu, ama niupokee wa mtu.

Mwaka uliotangulia alilala kwangu mama mmoja wa Poland. Kazi yake ni kufundisha Kiingereza watu wazima wa huko kwao, watu waliochelewa kukijifunza kama mimi. Mpwa wangu alimtumia ujumbe kumweleza shida yangu. Yule mama akajibu kwamba hilo ni jambo zuri, kwa sababu wanafunzi wake wanachoka kuongea wao kwa wao. Kila mtu anajua habari za mwenzake. Akasema kila Alhamisi niwapigie kwa simu ya picha, niwaeleze maisha ya kwetu, nao wanieleze ya kwao, wote kwa Kiingereza chetu hicho hicho kibovu.

Kwenye simu walikuwa watu wawili pamoja na mwalimu. Mmoja mzee aliyestaafu kuendesha treni, mwenye masharubu meupe. Mwingine mjane, mama mfuga nyuki, amevaa sweta nene kama anakwenda kulala na mbuzi. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye kilima nyuma ya kambi, ndiko mtandao unapatikana, jua likielekea kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Mwalimu akasema anayeongea aongee, wengine wazime maiki ili kusiwe na kelele.

Nikaanza kama anavyoanza mtu mwenye adabu. Nikatoa habari. Kwetu ukikutana na mtu huanzi na shida yako. Unamwambia ulikolala, hali ya watoto, hali ya mifugo, kama mvua imenyesha na wapi. Na yule anayepewa habari anaitikia. Unasema kidogo, anasema "ee." Unaongeza, "ee." Maneno ni kama maji unayomimina kwenye birika la kunyweshea: ile "ee" ndiyo inayokuonyesha birika lipo. Asipoitikia, unaacha kumimina.

Nikasema, "Mimi nimelala vizuri." Nikangoja.

Kimya.

Nikasema, "Ng'ombe wamelala vizuri."

Kimya. Mzee wa treni ananitazama tu. Mama wa nyuki ananitazama tu.

"Apu, mtandao umekatika," nikamwambia mpwa wangu.

"Haujakatika. Wanakusikiliza."

"Wanasikiliza na midomo imefungwa?"

"Ndiyo wanavyosikiliza."

"Maiti naye anafunga mdomo. Waambie kama wamekufa nisiwasumbue."

Hakuwaambia. Aliwaambia nimechoka. Nikashuka kilimani nimekasirika, siku iliyofuata sikutaka hata kuiona ile simu. Lakini mimi nikishindwa jambo linanisumbua kama mwiba wa mgunga. Unaweza kutembea nao, ila unajua upo. Nikajiuliza, hawa watu kwao mtu anajuaje kuwa anasikilizwa? Watoto wao wanaambiwa nini? Mzee wao akibariki, nani anaitikia? Nikawa nataka kujua kuliko nilivyotaka kujifunza.

Alhamisi nyingine nikapanda tena. Safari hii nikaanza na amri. Nikawaambia, fungueni maiki. Mimi nikisema, ninyi semeni "ee." Mkiwa hamsemi, mimi sisemi.

Mwalimu akacheka, akakubali. Balaa likaanza. Mzee wa treni alikuwa mtiifu mno: aliitikia kila neno, hata kabla neno halijaisha, "ee, ee, ee," kama beberu aliyeona majike. Na sauti kutoka Poland inachukua muda kufika. Nikisema nimelala, kimya. Nikisema nimeamka, ndipo "ee" ya kulala inaingia. Nikisema nimepeleka ng'ombe kisimani, wananiitikia nikiwa bado kitandani. Mpwa wangu alicheka mpaka simu ikaanguka kwenye mavumbi, wale wa Poland wakaona mbingu tu na mguu wake.

"Apu, wako nyuma yako," akasema. "Wangoje, ni watu wa baridi."

Nami nikacheka. Lakini nilikuwa sijajibiwa.

Nikauliza moja kwa moja, wiki iliyofuata, bila mzunguko. Nikamuuliza yule mama mjane: kwako, wewe ukisema, nani anakuitikia?

Akafikiri. Anatafuta maneno polepole, kama mimi, kwa hiyo nilimwelewa kuliko ninavyowaelewa wanaokijua Kiingereza. Akasema: nyuki.

Nikadhani sikusikia. Nikamtazama mpwa wangu; naye akainua mabega.

Yule mama akaeleza. Kwao, mwenye nyuki akifa, lazima nyuki waambiwe. Mumewe alipofariki alitoka nje asubuhi, theluji imelala, akagonga kila mzinga kwa mkono, akawaambia: bwana wenu amefariki, sasa mimi ndiye wenu. Akaongeza kwamba hata nyuki mwenyewe kwao hasemwi amekufa kama mdudu. Anasemwa amefariki, kama mtu.

Hilo lilinikalisha vizuri. Sisi asali tunaijua, haiendi harusi bila asali, na mimi mwenyewe nimetundika mizinga mitini. Lakini sijawahi kumpa nyuki habari ya msiba.

"Wakakujibu?" nikauliza.

"Hapana."

"Hata sauti kidogo?"

"Theluji. Wamelala. Hakuna sauti."

"Sasa ulijuaje wamepokea?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha. "Hawakuondoka," akasema.

Mzee wa treni akaingilia, taratibu. Akasema baba yake alikuwa akisimulia habari za vita, watoto wote wamekaa chini, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mtu akitoa neno moja, baba ananyamaza, na siku hiyo habari imekwisha.

"Neno moja tu?"

"Moja."

Nikashuka kilimani siku hiyo nikitembea polepole. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu.

"Umesikia?" nikamwambia. "Kwao ukiitikia unamkatisha mtu. Kwetu usipoitikia unamkatisha."

"Nimesikia, apu."

"Miaka yote hii wageni wamekaa pale bandani kwangu wananitazama kama mawe. Nikajua nimewachosha, nikawa nakatisha habari katikati."

"Ndiyo," akasema. "Habari ya majivu ulikuwa unaishia pale ndama hawezi kupanda, unakwenda kuangalia maji ya kuoga. Mimi ningetafsiri nini? Halafu unanidai safari ya Sale."

"Ungeniambia niendelee!"

"Nani anamwambia mjomba wake aendelee?"

Nilimwambia alete kuni.

Tukaendelea na Alhamisi zetu. Nikajilazimisha kusema maneno mawili bila kuitikiwa, halafu matatu, halafu habari nzima ya jinsi tunavyojua ng'ombe ana homa. Ni kazi ngumu, kuliko kupanda mlima. Kila ukifika mwisho wa sentensi, mwili wenyewe unasimama kungoja. Nilijifunza kuangalia macho badala ya kungoja sauti. Mama wa nyuki akiwa amepokea, anaacha kugusa sweta. Mzee wa treni anainamisha masharubu. Nami nikawauliza mengi: ng'ombe wao wakati wa theluji wanakula nini, treni ikigonga ng'ombe nani anamlilia. Kuhusu hilo la treni, mzee akajibu: dereva. Alisema neno hilo moja tu, nami nikamwamini.

Masika yakaisha. Mpwa wangu alikuwa amekwisha funga mzigo wake, gari la kwenda Karatu ni kesho. Siku hiyo wakafika wageni sita, wanapanda usiku. Watu wa namna hiyo mchana wanapumzika, kwa hiyo baada ya chakula walikuwa bandani, joto la Ziwa Natron limewabana, wengine wamelegea kama nguo. Nikamwambia mpwa wangu akae kwenye nguzo.

"Nikizama usinitoe."

"Hata ukiomba?"

"Hata nikiomba."

Nikasimama mbele yao. Nikawapa kwanza habari ya nilikolala na hali ya mifugo, kwa sababu adabu ni adabu hata kwa Kiingereza. Kisha nikawaambia ya mwaka wa majivu.

Niliwaambia asubuhi ile ng'ombe wangu mmoja alikuwa ndiyo amezaa. Majivu yakaanza kushuka kama unga kwenye mashine ya kusaga. Nyasi zikawa nyeupe, ng'ombe wakila wanasaga mchanga. Ilibidi kuhama, tupande ukuta kwenda juu Sale kwenye majani safi. Ndama wa siku moja hawezi kupanda ule ukuta, na mama yake hawezi kumwacha.

Hapo ndipo nilipokuwa naishia siku zote.

Wakawa kimya. Mgeni mmoja, mzee wa kofia, hakupepesa macho. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, hanywi. Mwili wangu ukasimama, unangoja. Nikaona mpwa wangu pale kwenye nguzo anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Nikajua anataka kunisaidia, nikajua akisema neno moja tu, kambi hii itatafuta mdomo wa mtu mwingine na itaupata.

Nikaangalia kile kikombe. Kilikuwa hakijashuka.

Nikaendelea. Nikawaambia nilimbeba ndama mabegani, miguu yake kifuani kwangu, nikamfunika pua kwa shuka langu. Neno la pua sikulipata, nikashika pua yangu. Nikawaambia mama yake alikuja nyuma yangu njia yote akinipumulia mgongoni, pumzi yake ya moto, na kila nikipumzika ananisukuma kwa kichwa. Nikawaambia juu tulipofika nilimshusha, akaanguka, akasimama, akaanguka, akanyonya. Nikawaambia nilikaa chini nikajitazama, nikawa mweupe mzima kama wao.

Hapo wakacheka. Nilikuwa nimetania, na kicheko kilikuja mahali pake, hakikuchelewa.

Mzee wa kofia akauliza kama mimi, wakati nambeba, sikuwa na kitu kingine cha kubeba. Swali zuri. Nikamwambia nilikuwa na mama yangu mzazi, lakini yeye alikataa kubebwa. Alisema ana miguu miwili na ndama hana hata mmoja. Yule mwenye kikombe akauliza kama mama yangu alifika. Nikamwambia alifika kabla yangu, na alikuwa amekwisha chemsha chai.

Wakataka kuuliza zaidi. Nikawaambia hapana. Nikawaambia mlima ni mkali, usiku hauna huruma, nendeni mkalale sasa hivi, na anayebaki macho asije akanilaumu. Nilisema kama ninavyosema na wanangu.

Wakainuka, wakachukua chupa zao za maji, wakaenda kwenye mahema. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama mpwa wangu ili amuulize nimesema nini.