Jiko la Koili Fupi

Siku hizi tunapikia gesi hapa Mhunze, na mke wangu bado analalamika kwamba chapati za gesi hazifikii zile za Kalangalala, tulikopanga chumba zamani. Sijui kama ni kweli. Labda anachokikumbuka ni kile chumba. Mimi nakikumbuka.

Nyumba ilikuwa na wapangaji kadhaa na swichi kuu moja, ukutani kwa mwenye nyumba. Mke wangu alipika chapati za jioni kwa jiko la umeme la koili, akawauzia waliotoka machimboni. Koili ikikatika, nilitupa kipande kilichoungua, nikavuta ncha mbili zilizobaki nikazisokota pamoja. Kila nilipofanya hivyo chapati ziliiva upesi zaidi. Akanisifu, nami nikajiona fundi.

Kisha giza likaanza. Jirani wa mlango wa pili akichomeka pasi jioni, swichi inaanguka, nyumba nzima inapiga kelele.

"Shikamoo mayu," mke wangu alimwambia mwenye nyumba, kwa Kisukuma chetu cha kumwita mama. "Ni pasi ya yule."

"Marahaba. Pasi hiyo ameinunua leo? Umeme ukikatika tena, jiko lako linatoka humu."

Mkaa alikuwa ameshaukataza ndani. Jiko likitoka, na chapati basi.

Nikalibeba hadi kwa fundi umeme. Alilipima, halafu akapima na koili mpya ya aina ileile. Umeme wa ukutani ulikuwa volti 230. Koili mpya ilivuta ampea tano, yetu saba.

"Gawa volti kwa ampea," akasema, "unapata ukinzani, yaani ubishi wa waya. Mpya ni omu 46. Yako?"

Nilihangaika. "Thelathini na tatu, hivi."

"Sasa zidisha volti kwa ampea, upate nguvu. Mpya wati 1,150, yako 1,610. Umeufupisha waya, ubishi umepungua, umeme unapita kwa fujo. Swichi yenu ni ya ampea kumi, pasi inavuta nne. Jumlisha."

Kumi na moja. Kwa koili mpya, tisa. Nilinunua ile koili mpya, nikarudia hesabu njia nzima, maana niliishia darasa la saba na kichwa changu sikiamini sana. Nisimwonee mtu: jiko peke yake lisingeangusha swichi, wala pasi peke yake.

"Waya umepungua, moto ukaongezeka?" mke wangu akauliza. "Hesabu ya wapi hiyo, baba?"

"Ya fundi."

"Haya, funga hiyo koili yako ya kufukuza wateja."

Jioni mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Jiko lilikuwa jekundu. Jirani akaja na pasi na shati lake.

"Nichomeke, au nitaambiwa mchawi?"

"Chomeka," akasema mwenye nyumba.

Taa ilififia kidogo, sote tukaitazama. Ikabaki inawaka. Mwenye nyumba alingoja mpaka shati likanyooka lote, kola na mikono.

"Jiko libaki," akasema, akaingia ndani.

"Na pasi yangu mliyoisingizia?" jirani akauliza.

Mke wangu akamwahidi chapati ya kwanza. Koili ile mpya ilikuwa na moto wa polepole kweli. Jirani aliingoja pale mlangoni, shati limening'inia mkononi, akituuliza kila mara kama jiko tumeliwasha.