Madaftari ya Filimbi na Gitaa

Stoo ya kanisa imepakwa rangi ya krimu, rafiki yangu, na mlangoni kuna kufuli jipya. Nimesafiri siku mbili ili nifunguliwe mlango ule. Ndani nikakuta spika nne zinazonifika kifuani, viti vya plastiki na kinanda cha umeme kilichofunikwa kanga. Madaftari hayapo. Kumi na moja, makubwa, yaliyojaa mwandiko wa mwalimu wetu, na kijana katibu wa kwaya ananitazama kana kwamba nimeulizia ufagio.

"Shikamoo dada. Yale ya do re mi? Ya zamani sana hayo. Siku hizi tunapakua mdundo kwenye simu, tunachomeka, watu wanacheza."

Nikamweleza mimi ni nani. Nina stashahada ya filimbi, niliyoipata nje ya nchi kwa kuosha vyombo vya watu, bila mjomba serikalini wala mfadhili. Nimepuliza kwenye kumbi ambazo ukikohoa tu unageukiwa. Nimerudi Mwanza kuandaa onyesho la muziki uliopigwa kwanza ndani ya stoo hii.

"Hongera," akasema, akaangalia simu yake.

Wewe utanielewa. Tuliishi Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi, ukuta mmoja familia mbili. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha. Upepo ukitoka ziwani, hata nguo zilizofuliwa zilinuka samaki kwenye kamba. Jumapili nilisugua masufuria kwa majivu, nikaanika dagaa wa mama juu ya jiwe lililokuwa nyuma ya nyumba na kufukuza kunguru mpaka mama aseme basi. Hapo nilijaza mfuko matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, nikakimbilia kanisani nikitafuna.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanamke wa Kagera, mwembamba, mkali, anayeongea kama anasahihisha mitihani. Alikuwa na filimbi ya chuma, ile inayopulizwa kwa ubavu, aliyoachiwa na mtawa mgeni. Mtawa huyo alimwazima pia vitabu vya muziki wa kale wa Ulaya, ule wa vyombo viwili vitatu, uliotungwa upigwe chumbani mbele ya watu wachache. Kabla mtawa hajaondoka na vitabu vyake, mwalimu alinakili vipande vyote vya filimbi na gitaa.

Ila hakuvinakili kama vilivyokuwa. Mpiga gitaa wake alikuwa jirani yetu, mkata minofu ya sangara kiwandani, na jirani alijua kusoma muziki kwa njia moja tu, ile ya kwaya zetu zote: d, r, m, f, s. Basi mwalimu aligeuza kila noti kuwa herufi, filimbi mstari wa juu, gitaa mstari wa chini. Tena jirani alikuwa na kidole cha pete kisichokunjika, kilichoumia kazini. Kila sauti iliyokihitaji kidole kile ilibidi itafutiwe njia nyingine. Walikuwa wakikaa kwenye benchi humo stoo na kubishana.

"Mwalimu, hapa unataka kidole cha mtu mwingine."

"Basi nionyeshe chako kinafika wapi."

Kikifika, aliandika kwa kalamu nyekundu. Kiwandani hawakuruhusu kucha, kwa hiyo jirani aligusa nyuzi kwa nyama ya vidole, na sauti ikatoka laini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Mimi nilijifunza filimbi juu ya sauti hiyo, mwalimu akinigombeza, "Usipulize kama unapoza uji!" Mwalimu alifariki nikiwa masomoni.

"Lakini dada," katibu akasema wakati nageuka kuondoka, "madaftari aliyachukua mzee mwenyewe, yule wa gitaa. Aliyabeba kwenye kiroba."

Nikaenda Usagara, alikojenga baada ya kustaafu. Nilimkuta sebuleni akimenya karanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu wa Ulaya. Sina kiti cha hadhi yako, kaa kwenye ndoo."

"Madaftari yako wapi?"

"Nilipikia."

"Ulipikia nini?"

"Maharage. Yaliiva."

Nikafoka. Nilimwambia vitabu vilivyochapishwa ninavyo vyote, nimevinunua kwa hela yangu, na hakuna hata kimoja chenye gitaa lile, kwa sababu lilitungwa upya kwa ajili ya vidole vyake. Aliniacha nimalize.

"Ulipokuja na cheti chako tulikupikia pilau ukumbini. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu. Uliliinua daftari mbele ya watu. Ulisema nini?"

Nilisema hizi si noti, ni herufi za watoto. Nilisema mzee ajifunze kwanza muziki halisi, ndipo tupige naye. Vijana walicheka, nami nikacheka nao.

"Mwalimu alikuwa ameshazikwa," akasema. "Ningebishana vipi na mwenye cheti?"

Hasira haijanitoka hata ninapoandika haya. Nimewakasirikia walioweka spika mahali pa benchi lile. Nimemkasirikia yeye, aliyeniamini mimi kuliko masikio yake mwenyewe. Stashahada yangu siikani, niliitolea jasho. Lakini siku ile niliitumia kama fimbo, na niliyempiga ndiye aliyenifundisha kusikia. Muziki ule hauko tena popote duniani, si kwenye maktaba, si kwenye simu ya katibu. Uliobaki uko mikononi mwa mzee mmoja wa Usagara, naye hataki.

Nikatoa filimbi, nikapuliza kile kipande cha polepole, nikitumaini vidole vyake vitaamka vyenyewe. Gitaa lilikuwa ukutani nyuma yake, na nyuzi zake zote. Nilipofika pale ambapo filimbi hunyamaza na gitaa hubaki peke yake, nikanyamaza, nikahesabu mapigo. Maganda ya karanga yalipasuka, moja, jingine, jingine. Nilihesabu mpaka mwisho, nikaingia tena mahali pangu, peke yangu.