Filimbi ya Kumi na Mbili

Kama unataka kubisha, bisha sasa hivi, nakusubiri umalize. Maana haya hayakumpata shemeji wa rafiki yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, nimekula ugali nimeshiba, akili timamu.

Nilikuwa fomeni kwenye ujenzi wa uwanja mdogo wa ndege huku juu Karatu, upande wa kwenda Ngorongoro. Masika yale yalitutesa, jamani! Udongo ukishachanganywa na saruji una saa chache tu za kushindiliwa. Ukinyeshewa kabla, unakuwa uji, kazi yote inafumuliwa. Mvua ilishaniharibia tabaka mara mbili. Injinia akaniambia wazi, la tatu likiharibika nifungashe virago. Nikaapa: leo tabaka hili tunalimaliza, mvua ipende isipende.

Ukungu nao tulikuwa na dawa yake. Watu kumi na mmoja walijipanga pembeni mwa njia ya ndege, kila mmoja na filimbi. Nikipuliza yangu, wanajibu mmoja mmoja hadi wa mwisho. Tluway, opereta wa shindilia, ile mashine ya gurudumu la chuma, baba wa watoto wanne kutoka Endabash, alikuwa anaendesha kwa kusikiliza tu. Filimbi ya mwisho ndiyo mwisho wa njia. Akiifikia anarudi nyuma. Mbele ya hapo ni korongo.

Siku hiyo wingu jeusi lilikuwa limeshakaa juu ya msitu, na ukungu ukatushukia. Nikapuliza. Wakajibu, nikahesabu hadi kumi na moja. Halafu, mbali kidogo, ikalia ya kumi na mbili.

Nikasema nimekosea. Nikapuliza tena. Kumi na mbili! Naserian, mama wa Kimasai aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, na si mtu wa mzaha, akapaza sauti: "Fomeni! Hiyo siyo yangu! Iko nyuma yangu, kule korongoni!"

Na shindilia ilikuwa inaenda. Tluway anasikia filimbi ya mwisho iko mbele bado, sasa atasimama kwa nini?

Tabaka likanitoka kichwani. Nilikimbia juu ya ule udongo laini, buti zinazama, nikampita Tluway nikipiga kelele asizozisikia. Nikafika ukingoni. Niamini, alikuwepo. Mtu mzima, reflekta, kofia ngumu, filimbi mdomoni. Sisi wote tunachuruzika maji ya ukungu, yeye mkavu. Alisimama hatua tatu kutoka ukingoni, upande wa korongo, mahali ambapo hapana ardhi. Nilipapima mwenyewe asubuhi kwa futikamba!

"We nani? Toka hapo!"

Filimbi ikalia, mashavu yake hayakuvimba. Akanyoosha mkono, akampungia Tluway: njoo, njoo. Ishara yetu ileile ya kazini.

Niliogopa. Lakini nikampa mgongo, nikageukia mashine, nikapandisha mikono nimeipishanisha juu ya kichwa, yaani simama. Sitoki, nikasema, kama ni kunikanyaga anikanyage. Lile gurudumu la chuma likasimama nikiweza kuligusa.

Tluway akachungulia kwa hasira. "Fomeni, unatafuta kufa? Si njia bado ipo, jamaa ananiita!"

"Zima. Shukia huku kwangu."

Akashuka, akauona ukingo. Akakaa chini palepale akalia. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Muda si mrefu mvua ikamwagika na tabaka likaenda lote.

Injinia alitimiza neno lake. Sasa nalima maharage kijijini Daa, na sijutii hata kidogo. Ila ukungu ukishuka shambani, naisikia ile filimbi. Moja tu, kwa mbali. Naacha jembe, nawaita wanangu kwa majina mpaka wote waitike, tunaingia ndani, na hakuna anayetoka nje mpaka ukungu uishe.

Na wewe unayesimamia watu huko, unayekimbizana na mvua kama nilivyokimbizana nayo, nisikilize. Hesabu watu wako. Sauti ikizidi hata moja, zima mashine, iache mvua inyeshe. Tabaka lile walilifumua, wakalimwaga upya wiki iliyofuata. Tluway ningempata wapi mwingine?