Aliyesikiliza Mpaka Mwisho

Laptop kuukuu niliyoinunua Migori niliigeuza seva, nikaiweka kwenye rafu nyumbani kwangu Ndhiwa. Kila programu niliifungia ndani ya kontena lake ili moja ikiharibika isizivuruge nyingine: picha kwake, vitabu kwake, sauti kwake. Sauti ndizo zilizonitia katika kazi hiyo. Nilikuwa nimewarekodi wajane wakisimulia maisha yao, na sikutaka maneno yao yakakae kwenye mashine za watu nisiowajua.

Mmoja wao, mama wa Kisegi, alinishika mkono kabla hajaanza. "Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, kama anavyomwita yeyote anayelingana na wanawe, "haya ni yangu na yako tu." Kisha akasimulia jinsi shemeji yake alivyompiga alipokataa kurithiwa naye kama mke, na jinsi alivyong'oa mikonge ya mpaka wa shamba lake.

Baadaye nilifungua njia ya mtandao ili niweze kuzisikiliza rekodi hizo nikiwa kazini Migori. Nenosiri lilikuwa lilelile lililokuja na programu. Nilijiambia nitalibadilisha kesho.

Jumamosi moja mchana nikawa napitia orodha ya waliojaribu kuingia kwenye seva. Wanaobisha wakakosa kufunguliwa ni wengi kila siku, hao nimewazoea. Lakini mmoja alikuwa ameingia. Alifungua faili moja tu, la yule mama, akalisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Laiti angekuwa ametoka nchi ya mbali, ningepumua. Lakini anwani yake ilikuwa ya simu ya humu humu Kenya, na zaidi ya hapo haikunieleza kitu.

Niling'oa waya wa ruta. Kila pikipiki iliyopita nje niliidhania imeleta habari kwamba yule mama ameuawa.

Asubuhi yake nilienda Kisegi, nikamkuta anaanika dagaa wa omena. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akauliza, "Alisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mama. Nisamehe. Kosa ni langu."

"Ni nani?"

"Sijui."

Alijifuta mikono kwa leso. "Basi twende kwa shemeji. Asiyasikie kwa mtu mwingine."

Nilimsihi tumtafute kwanza mzee wa kijiji. Alikuwa ameshaanza kutembea. Nilimfuata.

Shemeji alikuwa uani akinoa panga. Nilipoliona, nilitamani kurudi.

"Yuora," yule mama alimwita shemeji yake kwa Kijaluo, "nilimsimulia huyu uliyonitendea. Sauti yangu imetoka, kuna mtu ameisikia."

Yule mwanamume aliacha kunoa. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Madam," akasema polepole, "nani mwingine amesikia?"

"Sijui," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Aliliweka panga chini. Ndipo nilipotambua kwamba pale uani sikuwa peke yangu katika kuogopa.

Wiki iliyofuata mama alinipigia simu: mikonge imepandwa upya, na hakumwona aliyeipanda. Mimi nimebadilisha manenosiri yote na kuifunga ile njia ya nje. Aliyesikiliza sijamjua. Nikiwa sokoni Ndhiwa, mtu akinitazama kidogo zaidi ya kawaida, bado najiuliza kama ndiye.