Wavu Ndani ya Mafunjo

Eucabeth alizaliwa kisiwani Rusinga, ambako baba yake hakuruhusu mtu kutega wavu katika ghuba iliyokuwa nyuma ya boma lao. Samaki huzalia pale, alisema, na anayevua kwenye chumba cha uzazi hujiitia mkosi. Baba huyo huyo alimkataza mwanamke kukanyaga mashua. Mwiko huo Eucabeth aliuvunja alipofiwa na mumewe huku Naivasha, alikoolewa: alirithi mashua, akapanda, akavua. Ule wa kwanza aliushika. Ndiye aliyewashawishi wavuvi wafunge vidumu vyeupe vinavyoelea kuzunguka mafunjo, alama ya kutovua hapo, samaki aina ya ngege wazaliane kwa amani.

Halafu ziwa likapanda. Mafunjo yakasogea hadi karibu na vyoo vya watu, viboko nao wakafuata. Samaki wakaadimika. Wanaume wakanong'ona kwamba maji yamekasirishwa na mwanamke.

Asubuhi moja ndege wa mafunjoni hawakulia. Eucabeth alipiga kasia hadi kwenye vidumu, akakuta kamba imekatwa. Ndani ulikuwa umetegwa wavu wake mwenyewe, na mtoto wa kiboko alikuwa amejisokota humo, amekufa. Kando yake maji yalitoa mapovu, kisha pumzi nzito.

Alirudi kinyumenyume, hakuthubutu kugeuza mashua.

Ufuoni alimkuta Quincy, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimsaidia kuvua.

"Shemeji, ni wewe uliweka wavu huko?"

"Sasa watoto wakule vidumu, Mama Travis?"

"Umeua mtoto wa kiboko. Mamake yuko pale. Usirudi."

"Huo ndio wavu wa mwisho tuko nao. Naenda kuutoa."

Akachukua mashua ya jirani. Watu ufuoni walisikia mbao zikivunjika, kisha ukelele. Quincy alitolewa majini akiwa hai, mguu umesagika. Hospitalini ukakatwa.

Jioni wanaume walileta kabeji zilizotiwa sumu wamuue yule mnyama. Eucabeth alimpigia simu Kimutai, askari wa wanyamapori, akaja akazichukua.

"Umechagua mnyama," Fancy, mke wa Quincy, alimwambia mbele ya watu wote.

Siku hizi Eucabeth hasalimiwi ufuoni. Kimutai amemshauri ahame, lakini hana pa kwenda. Giza likianza kuingia, yule kiboko hutoka majini. Eucabeth huzima taa, humvuta mwanawe Travis karibu, na kusikiliza ua wa mabati ukisukumwa polepole.