Fundo la Baba kwenye Mrija wa Mama

Baba yangu aliamini kwamba hakuna kitu kinachovuja ambacho hakifungiki kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Miaka yote aliyoendesha lori kati ya Beni, Butembo na Kirumba, mfuko wa shati lake ulijaa vipande hivyo, vimekatwa vyembamba na kukunjwa vizuri. Alifungia bomba la dizeli, aliyoiita mazutu, mpini wa jembe, na siku moja kiatu changu cha shule, nikachekwa na darasa zima. Imani hiyo nusura imuue mama.

Ulikuwa wakati wa waasi, kila kilima na kizuizi chake. Sisi tulikaa Beni. Mama alikuwa akishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia kila alipokula sombe, yaani kisamvu, yenye mawese mengi, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwachisha sombe, tuliyazoea maumivu yale. Kisha macho yake yakageuka manjano. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo wa kupaka ukuta, na ngozi ikamwasha hadi akajikuna kwa gunzi la mahindi. Shangazi alikuja kutoka Oicha akatangaza kwamba ni sumu, tena akamtaja aliyeitia kabla hajavua viatu. Mama alipoanza kutetemeka kwa homa, baba hakumsikiliza mtu tena. Alimpandisha kwenye lori, kamio kama tunavyosema kwetu, nikakaa katikati yao, tukashika barabara ya Butembo.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alichungulia ndani akitaka chochote. Mama akamgeuzia macho.

"Oyo azali na nini?" askari aliuliza kwa Kilingala huyu ana nini, akirudi nyuma.

"Hatujue, chef," baba alijibu kwa huzuni kubwa. "Lakini kila mutu mwenye kumuangalia sana, inamushika na yeye."

Kamba ilishushwa mara moja. Vizuizi vilivyofuata tulivipita vivyo hivyo, na mama, pamoja na homa yake, alianza kuifurahia kazi ile. Alikuwa akifumba macho njiani na kuyafumbua tukikaribia askari.

Hospitalini tulimkuta daktari aliyehamishiwa kwetu kutoka jimbo lingine, mtu mwembamba mwenye subira. Alimpima mama tumbo kwa mashine ya picha, kisha akatuita mimi na baba.

"Ini njo inatengeneza nyongo," alisema. "Kuko kafuko ka kuichunga, na kuko tuyau ya kuipeleka mu matumbo, ili isaidie kuyeyusha mafuta ya chakula. Mu kafuko ya mama muliota mawe. Moja ilitoka, ikaenda kuziba tuyau. Donc nyongo inarudia mu damu, na macho inakuwa jaune."

Baba alipiga paja lake. "Docta, ni takataka mu bomba ya mazutu!"

"Kabisa, papa."

"Basi tupulize."

"Hapana. Tutapasua."

Alitueleza kwamba katika hospitali kubwa za ng'ambo hupitisha mpira mrefu wenye taa mdomoni, ukashuka hadi kwenye njia ya nyongo na kulivuta jiwe bila kisu. Butembo mpira huo haukuwapo. Na ile homa ilionyesha kwamba nyongo iliyokwama ilikuwa imeingia wadudu, kwa hiyo hatukuwa na muda wa kusubiri. Walimtundikia dawa ya mishipani, kisha wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Alitoka akiwa hai, na mawe yake yakiwa ndani ya chupa, makubwa kama maharage. Ubavuni alikuwa na mrija wa mpira uliomwaga nyongo kwenye mfuko. Daktari aliniambia kwamba njia ya ndani ilikuwa bado imevimba, hivyo nyongo ipewe mlango wa nje kwanza. Aliniambia mimi. Baba alikuwa msikitini.

Aliporudi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Akaona majimaji ya kijani yakidondoka. Akahuzunika kwamba watu waliosoma vile wamesahau kufunga, na kwa adabu yake akaamua asimwaibishe daktari. Alichomoa kipande cha mpira, akaufunga mrija kwa fundo la madereva, akaufunika kwa kitenge.

Asubuhi mama alikuwa anatetemeka upya na kulia kwa maumivu. Muuguzi alifunua kitenge.

"Nani njo alifunga iyi tuyau?"

Baba alivua kofia: "Ni miye. Ilikuwa inavuya. Sikutaka kumupatisha docta haya."

"Iyi haiko kamio, papa!"

Alilikata fundo kwa mkasi na nyongo ikaruka hadi kwenye aproni yake. Nilitaka kumpiga baba yangu, nasema kweli. Lakini alikuwa ameketi sakafuni, kofia mkononi, akilia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, na hasira yangu ikaisha.

Homa ilishuka. Siku ilipofika ya kuujaribu mrija, ufungwe kidogo waone kama njia ya ndani imefunguka, daktari alikuja na kibanio chake. Mama akamzuia.

"Afunge yeye."

Baba alificha mikono mgongoni.

"Ulifunga wakati hawakukuruhusu," mama alimwambia. "Sasa banakuruhusu, unaogopa?"

Alichukua kibanio, akafunga. Baada ya hapo ukoo mzima ulingojea habari za choo cha mama, na kilipopata tena rangi yake, dalili kwamba nyongo inapita ndani, baba alipiga honi nje ya hospitali hadi askari wakaja kuuliza nani anaoa. Mrija ukatolewa.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha lori, baba alimleta mama mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu na kumtazama macho. Majirani walisema ni mapenzi. Sisi tulijua anakagua weupe. Hakuacha hata alipokuwa mzee asiyeendesha tena.

Siku iliyofuata mazishi yake, saa ile ile, mama alitoka peke yake akasimama mlangoni na kuinua uso. Niliacha ufagio nikaenda kumshika kidevu.

"Iko meupe?" aliuliza.

"Iko meupe, mama."