Gunzi Nililolitupa

Mama yangu alikuwa na jicho moja. La kushoto lilifunikwa na ukungu mweupe nikiwa bado shule ya msingi. La kulia ndilo alilolimia, ndilo alilookotea korosho, ndilo alilosomea Zaburi kila Jumapili. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa nachezea nini siku ile.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Masasi. Mama aliishi Newala, juu kwenye ubaridi, na kila msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, alikamua uraka, pombe ya maji ya mabibo ambayo hata wazee wa kanisa wanaijua ladha yake, ingawa ukiwauliza wanakohoa. Dumu la kwanza halikunywewa nyumbani. Lilikuwa la kaka yake, mjomba wangu, anayekaa Masasi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na dumu lile lilikuwa heshima yake.

Mama hakuwahi kulifunga kwa kifuniko. Alichomeka gunzi la mahindi mdomoni, bila kulibana sana. "Liache lipumue," alikuwa akisema. Nilipokuwa mdogo nilidhani tumekosa vifuniko tu.

Msimu mmoja gunzi lilivuja ndani ya basi, likalowesha begi la abiria, na kondakta akatusema kutoka Newala mpaka tunashuka. Miongoni mwa waliocheka alikuwamo mzazi wa mwanafunzi wangu. Nina hasira za karibu, na aibu yangu iko karibu zaidi. Kwa hiyo msimu uliofuata nilipokwenda kumchukua mama, nilisubiri aingie ndani kuvaa, nikang'oa gunzi, nikalitupa nyuma ya jiko. Niliweka nailoni mdomoni mwa dumu, nikakaza kifuniko mpaka vidole vikauma. Kisha nikalitia dumu kwenye kiroba na kukifunga kwa kamba.

Sasa nieleze jambo ambalo kulieleza ndiyo kazi yangu. Hewa iliyofungiwa ina mambo manne: kanieneo, yaani msukumo wake juu ya kuta za chombo, ujazo, yaani nafasi iliyopewa, joto, na idadi ya chembe zake. Ukigusa moja, mengine hayatulii. Ongeza joto, chembe zinakimbia na kugonga kuta kwa nguvu. Ongeza chembe, wagongaji wanazidi. Wabanie nafasi, wanagonga mara nyingi zaidi. Mimi nilifanya yote matatu. Uraka mbichi unachacha na kila dakika unazaa hewa mpya. Tuliteremka kutoka kwenye ubaridi wa Newala hadi Masasi, ambako mawe ya vilima yanatema joto tangu asubuhi. Na dumu lilijaa hadi shingoni, nafasi ya hewa haikuzidi kikombe. Nilikuwa nimeyafundisha haya kidato cha tatu wiki ile ile, kwa chaki na michoro, tena kwa madaha.

Mjomba alitupokea uani.

"Shikamoo, kaka," mama alisema, akikunja goti.

"Marahaba, dada. Karibuni."

Tulikula kivulini, kiroba kikabaki juani. Mama alipokwenda kukifungua niliona dumu limevimba, chini limekuwa duara, haliwezi kusimama sawa. Nililiona. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja, sikulisema, kwa sababu kulisema kulikuwa sawa na kukiri kwamba nimetupa gunzi lake. Alilibana dumu kwa magoti, akainama karibu mno, maana mwenye jicho moja hapimi umbali vizuri, akazungusha.

Kifuniko kilimpiga jicho la kulia. Hakupiga kelele. Aliweka viganja usoni, uraka ukimchuruzika shingoni, akaniita kwa sauti ndogo.

"Baba, sioni."

Hospitali walituambia jicho limepasuka na hakuna la kufanya. Mjomba alisimama kando ya kitanda, akauliza nani aliyelifunga dumu lile. Aliniangalia mimi. Mama, bandeji usoni, alijibu kabla sijavuta pumzi.

"Mimi, kaka. Uzee huu."

Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma. Nilijichukia pale pale, na bado nikanyamaza.

Sasa mama anakaa kwangu. Anakwenda chooni akipapasa ukuta, na wiki za mwanzo alijigonga sana kwenye kona ya kabati, mpaka nikalihamisha. Jumapili ananiomba nimsomee Zaburi. Nasoma harakaharaka, kama mtu anayekimbizwa. Mpaka juzi hakuwa amewahi kunigusia habari ya dumu.

Juzi nilikuwa na kidato cha tatu tena, somo lile lile. Nikatafuta mfano, na Mungu anisamehe, nikauchukua huo. Nikawaambia kulikuwa na mama mmoja mzee, hakusoma, akakaza kifuniko cha dumu la uraka kwa kutojua sayansi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, anayetoka Newala, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwetu hakuna mama anayefunga uraka kwa kifuniko. Hata watoto wanajua lazima upumue. Huyo aliyefunga hajui kitu."

Darasa likacheka. Nikamwambia akae, nikafuta ubao ambao ulikuwa bado haujanakiliwa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa mkekani mlangoni, ameuelekeza uso kwenye sauti ya viatu vyangu.

"Leo umewafundisha nini, baba?"

"Hewa, mama. Ikifungiwa inavyokuwa."

Aliipapasa ncha ya kanga yake.

"Umewaambia na habari ya gunzi? Nililikuta nyuma ya jiko asubuhi ile, wakati tunatoka. Nikasema moyoni, mwanangu amesoma, anajua anachofanya."